Fahamu: Kwa Nini Picha za Mwongozo wa Mfumo Hazisomeki Kwenye Simu, na Namna ya Kuziandaa Zisomeke

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, anayesajili jina la biashara, anayetuma maombi ya kazi katika utumishi wa umma, au mzabuni anayejisajili katika Mfumo wa Ununuzi wa Umma Kielektroniki Tanzania (NeST) ulioanza kutumika mwaka 2023, hukutana na jambo moja kabla hajafika kwenye kitufe cha mwisho cha kuwasilisha maombi. Jambo hilo ni mwongozo wa mtumiaji. Kwa kawaida mwongozo huo una maelezo mafupi na picha nyingi za skrini zinazoonesha mahali pa kujaza jina, mahali pa kupakia cheti na mahali inapotokea namba ya kumbukumbu ya malipo.

Picha hizo zikisomeka, mwananchi huketi nyumbani kwake na kumaliza kazi yake peke yake. Zisiposomeka, hushika njia kwenda steshenari iliyo karibu, akamkabidhi kijana wa pale simu yake, nenosiri lake na Namba yake ya Utambulisho wa Taifa yenye tarakimu 20, kisha akalipia huduma ambayo mfumo ulikusudia aipate bila kumtegemea mtu. Kwa sababu hiyo, suala la ukubwa na mwonekano wa picha katika miongozo ya mifumo linagusa usiri wa taarifa za mwananchi na fedha yake, ingawa kwa mtazamo wa haraka linaonekana kuwa jambo la mafundi peke yao.

Makala haya yanaeleza kinachosababisha picha isisomeke, namna waandaaji wa miongozo katika taasisi wanavyoweza kuidhibiti, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua anapokutana na mwongozo ulioandaliwa vibaya.

Vipimo vitatu vinavyochanganywa

Chanzo cha matatizo mengi ni neno "ukubwa" lenyewe, kwa kuwa picha ya kidijitali ina ukubwa wa aina tatu, na kila mmoja hubadilika kivyake.

Ukubwa wa kwanza ni idadi ya pikseli, yaani vidoa vidogo vya rangi vinavyoijenga picha. Picha ya skrini iliyochukuliwa kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini mara nyingi huwa na pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, ambazo jumla yake ni pikseli 2,073,600. Ukubwa wa pili ni uzito wa faili, unaopimwa kwa kilobaiti au megabaiti, na ndio unaokula bando la mwananchi. Ukubwa wa tatu ni eneo ambalo picha inapewa juu ya ukurasa inapooneshwa.

Mwandaaji wa mwongozo anaposhika kona ya picha katika programu ya kuandikia na kuivuta ndani ili iwe ndogo, anabadilisha ukubwa wa tatu tu. Pikseli zote zimebaki mle ndani na uzito wa faili haujapungua hata kidogo. Hali ni hiyohiyo kwa anayeandika ukurasa wa tovuti na kuuelekeza uoneshe picha kwa upana wa pikseli 300 ilhali faili lenyewe lina pikseli 1920. Msomaji atapakua faili zima, kisha kivinjari chake kitalibana lienee kwenye nafasi ndogo. Amelipia picha kubwa na ameoneshwa picha ndogo.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Picha yenye pikseli 300 ikilazimishwa kuonekana kwa upana wa pikseli 900, kila pikseli hutandazwa kwenye nafasi ya pikseli tisa, tatu kwa upana na tatu kwa urefu. Programu haiwezi kubuni maelezo ambayo hayakuwemo, hivyo herufi huwa na ukungu. Picha ndogo ya namna hiyo haiponi kwa kukuzwa. Dawa yake ni kurudi kwenye mfumo na kuichukua upya.

Hesabu ya skrini ya simu

Miongozo mingi huandaliwa kwenye kompyuta na watu wanaoisomea kwenye kompyuta, wakati wananchi wengi huifungua kwenye simu. Tofauti ya skrini hizo mbili inaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo ambayo kila mwandaaji angefaa kuifanya kabla hajachapisha chochote.

Simu janja nyingi hupanga kurasa za tovuti kwa upana wa takribani pikseli 360 za kipimo cha kivinjari. Picha ya skrini nzima yenye upana wa pikseli 1920 ikiingizwa hapo, inapunguzwa hadi asilimia 18.75 ya ukubwa wake. Herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 16 kwenye kompyuta inakuwa na kimo cha pikseli 3. Kwenye kioo cha simu, hiyo ni takribani nusu ya milimita. Hakuna miwani itakayomsaidia mzee anayetafuta mahali pa kujaza namba ya pensheni yake katika picha kama hiyo.

Sasa tuchukue mwongozo uleule, lakini mwandaaji ameikata picha na kubakiza sehemu inayozungumziwa tu, kwa mfano kisanduku cha jina la mtumiaji na kitufe kilicho chini yake, jumla ya upana wa pikseli 400. Sehemu hiyo ikioneshwa kwenye upana wa pikseli 360, herufi ya pikseli 16 inabaki na kimo cha pikseli 14.4. Inasomeka bila kukuzwa. Hakuna programu ya gharama iliyotumika wala mtaalamu aliyeitwa. Kilichofanyika ni kuamua kwamba menyu ya juu, nembo ya taasisi, saa ya kompyuta na picha ya bosi iliyowekwa nyuma ya skrini havimhusu anayetafuta kitufe cha "Wasilisha".

Huu, kwa maoni ya mwandishi, ndio uamuzi wenye tija kuliko mwingine wowote katika kazi hii. Mbinu zote zinazofuata husaidia, lakini haziwezi kuiokoa picha ya skrini nzima iliyosukumizwa ndani ya kioo cha simu.

Ipo njia nyingine rahisi zaidi ambayo haitumiwi sana: kuchukua picha za skrini kwenye simu yenyewe. Mifumo mingi ya sasa hujipanga upya inapofunguliwa kwenye simu, menyu ikajificha nyuma ya vistari vitatu na safu zikashuka moja chini ya nyingine. Mwananchi anayesoma kwenye simu mwongozo wenye picha za kompyuta huambiwa abonyeze kitufe kilicho "upande wa kushoto" wakati kwake hakuna upande wa kushoto. Mfumo unaotumiwa zaidi kwa simu ustahili mwongozo wenye picha za simu.

Kuhusu skrini zenye vidoa vingi

Msomaji mwenye simu mpya anaweza kuuliza mbona tangazo la simu yake linasema kioo chake kina pikseli 1080 kwa upana na siyo 360. Yote mawili ni kweli. Tangu mwaka 2010, simu ya iPhone 4 ilipotoka ikiwa na kioo cha pikseli 640 kwa 960 lakini ikaendelea kupanga kurasa kana kwamba kina 320 kwa 480, watengenezaji wamekuwa wakitumia vidoa viwili, vitatu au zaidi mahali ambapo zamani palikuwa na kimoja. Herufi hazikuwa ndogo, zilikuwa na kingo safi zaidi.

Kwa mwandaaji wa mwongozo maana yake ni kwamba picha inayokusudiwa kuonekana kwa upana wa 360 ni vyema iwe na pikseli halisi 720, ili kwenye vioo hivyo isionekane na ukungu. Njia ya kuipata ni kukuza ukurasa wa mfumo hadi asilimia 200 kwenye kivinjari kabla ya kuchukua picha. Kwenda zaidi ya mara mbili huongeza uzito wa faili bila faida ambayo jicho la kawaida litaitambua. Lugha ya HTML inaruhusu pia kutaja matoleo kadhaa ya picha moja, kubwa na ndogo, na kivinjari kikachagua linaloifaa simu iliyopo. Ni utaratibu mzuri kwa tovuti zenye mafundi wa kutosha. Kwa ofisi yenye mtumishi mmoja anayeshughulikia kila kitu, picha moja ya mara mbili inatosha.

Uzito wa faili na bando la mwananchi

Tuchukue mfano wa mwongozo wenye picha 25, kila moja ikiwa na kilobaiti 900. Jumla yake ni megabaiti 22.5. Picha hizohizo zikikatwa vizuri na kuhifadhiwa katika muundo unaofaa, zinaweza kushuka hadi kilobaiti 60 kila moja, na jumla ikawa megabaiti 1.5. Mwananchi aliyejiunga na bando dogo la siku anaimaliza tofauti hiyo kwa kusoma maelekezo tu, kabla hajaanza kupakia vyeti vyake.

Kuna mzigo mwingine usioonekana. Faili la picha huwa limebanwa linaposafiri mtandaoni, lakini simu inapolionesha ni lazima ilifungue. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ikifunguliwa hutumia baiti nne kwa kila pikseli, yaani takribani megabaiti 8.3 za kumbukumbu ya simu, hata kama faili lake lilikuwa na kilobaiti 100. Vivinjari hujitahidi kuziachilia picha ambazo haziko mbele ya macho, hata hivyo kwenye simu ya bei nafuu ukurasa wenye picha nyingi kubwa hukwama, na wakati mwingine hujifunga katikati ya kusoma.

Aina ya faili nayo ina nafasi yake. Muundo wa JPEG, uliopitishwa mwaka 1992, ulibuniwa kwa ajili ya picha za kamera: nyuso, mandhari, anga. Huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa maelezo ambayo jicho halitayakosa sana. Kwenye uso wa mtu mbinu hiyo hufanya kazi vizuri ajabu. Kwenye picha ya fomu, ambako herufi nyeusi hukutana ghafla na karatasi nyeupe, huacha madoa ya kijivu kuzunguka kila herufi, kama wino uliolowana. Muundo wa PNG, uliotoka mwaka 1996, hubana bila kutupa chochote na hufanya vizuri hasa pale penye maeneo mapana ya rangi moja, na fomu za mifumo ziko hivyo. Kwa hiyo picha ya skrini ihifadhiwe kama PNG, na picha ya mtu au jengo ihifadhiwe kama JPEG. Inashangaza namna taratibu hizi mbili zinavyogeuzwa kila siku, PNG nzito ikatumika kwa picha ya mgeni rasmi na JPEG chafu ikatumika kwa fomu.

Picha ya fomu kwa kawaida haina rangi nyingi. Ikihifadhiwa kama PNG ya rangi 256 badala ya mamilioni ya rangi, uzito wake hushuka sana na msomaji hatambui tofauti. Muundo wa WebP, uliotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2010, hubana zaidi na sasa unafunguliwa na vivinjari vyote vikubwa, ingawa baadhi ya programu za zamani za ofisini hazioneshi faili hizo. Michoro ya hatua na mishale inafaa kuwa katika muundo wa SVG, ambao huhifadhi maumbo kwa hesabu badala ya pikseli na hivyo kukuzwa kadiri mtu apendavyo bila ukungu.

Ukurasa unaoruka

Wapo wasomaji waliowahi kutaka kubonyeza kiungo katika ukurasa, na kabla kidole hakijatua maandishi yakashuka ghafla, wakajikuta wamefungua kitu kingine. Hali hiyo hutokea kwa sababu kivinjari hakikuwa kimeambiwa picha itachukua nafasi kiasi gani. Kilipanga maandishi kwanza, kisha picha ilipowasili kikalazimika kuyasukuma.

Tiba yake ni kuandika upana na urefu wa kila picha ndani ya ukurasa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2019 vivinjari vikubwa vilianza kutumia namba hizo mbili kukokotoa uwiano wa picha na kuitengea nafasi kabla haijafika, hata pale ambapo picha itapunguzwa ili itoshee kwenye simu. Sambamba na namba hizo huwekwa kanuni ya CSS inayosema upana wa picha usizidi asilimia 100 ya eneo ililomo, na urefu ujirekebishe wenyewe. Bila kanuni hiyo picha pana hutokeza nje ya kioo, na msomaji analazimika kuvuta ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Bila urefu kujirekebisha, picha hubanwa ubavuni na nembo ya taifa ikaonekana imekonda.

Kwenye miongozo mirefu, vivinjari vingi vinaweza pia kuelekezwa kupakua picha pale tu msomaji anapoikaribia. Mwananchi anayetaka hatua ya tatu peke yake hatalipia picha za hatua ya ishirini.

Pale ambapo hakuna budi kuonesha skrini nzima, kwa mfano jedwali pana la ripoti, busara ni kuweka ukurasani picha ndogo iliyounganishwa na ile kubwa, ili anayehitaji kuiona kwa kina aibonyeze. Picha kubwa ipakuliwe kwa hiari ya msomaji, na uzito wake uandikwe pembeni.

Faili za PDF

Miongozo mingi husambazwa kama faili za PDF zilizotengenezwa kutoka kwenye programu za kuandikia. Ukurasa wa A4 umepangwa kwa ajili ya karatasi, na ukifunguliwa kwenye simu hubanwa wote kwa pamoja, maandishi na picha. Maandishi ya tovuti hujipanga upya yanapokuzwa. Ya PDF ya kawaida hayafanyi hivyo. Kwa sababu hiyo ni vyema mwongozo uwepo kama ukurasa wa tovuti, na PDF ibaki kuwa toleo la kuchapishwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji au ofisi ya kata.

Kabla ya kutengeneza PDF, programu ya kuandikia iagizwe kubana picha. Katika Microsoft Word, kwa mfano, yapo machaguo ya pikseli 220, 150 au 96 kwa inchi. Chaguo la 150 hutosha kwa kusoma kwenye kioo. 220 hufaa kwa kuchapisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba programu hiyo, picha inapokatwa, huendelea kuihifadhi sehemu iliyokatwa mpaka iagizwe waziwazi kuifuta. Hapo linaingia suala la siri.

Picha zinazosema kuliko zilivyokusudiwa

Ili kuchukua picha ya mfumo ukiwa umejazwa taarifa, mwandaaji huhitaji taarifa za kujaza. Njia ya mkato ni kutumia akaunti ya mtu halisi, na matokeo yake ni mwongozo wa umma unaoonesha jina, namba ya simu na Namba ya Utambulisho wa Taifa ya mwananchi ambaye hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka kila anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda, na picha ya skrini yenye taarifa hizo haina msamaha kwa sababu tu ni picha. Suluhisho ni kuwa na akaunti ya majaribio yenye majina na namba za kubuni, ambayo hutumika kwa picha zote za mwongozo.

Inapolazimu kuficha sehemu ya picha, ifichwe kwa kupaka rangi nzito ndani ya picha yenyewe na kuihifadhi upya. Mraba mweusi uliowekwa juu ya picha ndani ya Word au PDF unaweza kuondolewa na yeyote anayelifungua faili, na namba ikabaki wazi chini yake. Kutia ukungu nako si kinga ya kutegemewa kwa tarakimu, kwa kuwa idadi ya tarakimu zinazowezekana ni kumi tu na mtu mwenye nia anaweza kulinganisha madoa hadi akafahamu.

Hata kukata picha kuna historia yake. Machi 2023 watafiti wa usalama walitangaza kwamba programu ya kuhariri picha katika simu za Google Pixel, ilipokuwa ikikata picha ya skrini na kuihifadhi juu ya ile ya awali, iliacha mwishoni mwa faili mabaki ya picha ya kwanza, na mabaki hayo yaliweza kurejeshwa. Siku chache baadaye kasoro kama hiyo ilibainika katika zana ya kukata picha ya Windows 11. Kasoro zote mbili zilirekebishwa, lakini marekebisho hayakuzigusa picha ambazo tayari zilikuwa zimesambazwa. Njia salama ni kutochukua kabisa picha ya kile kisichotakiwa kuonekana.

Wasioona picha

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya watu wenye ulemavu kupata taarifa. Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea kioo kwa sauti, na programu hiyo ikifika kwenye picha husoma maelezo mbadala yaliyoandikwa nyuma yake. Yasipokuwepo, baadhi ya programu humtajia jina la faili, pengine "Screenshot" ikifuatiwa na mfululizo wa tarakimu, na mwananchi huyo anakuwa hajaambiwa chochote.

Maelezo mbadala yanayofaa hueleza kazi ya picha. "Picha ya fomu" hayasaidii. "Kitufe cha Wasilisha kiko chini ya kisanduku cha namba ya simu, upande wa kulia" yanasaidia, na yanamsaidia pia mwenye mtandao dhaifu ambaye picha yake haijafunguka. Viwango vya kimataifa vya upatikanaji wa maudhui ya tovuti, vinavyotolewa na taasisi ya W3C, vinataka kila picha yenye maana iwe na maelezo hayo, na toleo la mwaka 2018 linataka ukurasa usomeke kwenye upana wa pikseli 320 bila msomaji kuvuta kushoto na kulia.

Rangi nazo zitazamwe. Mwongozo unaosema "bonyeza penye duara jekundu, usibonyeze penye duara la kijani" unamwacha nje mtu asiyetofautisha rangi hizo mbili, na si wachache, hususan miongoni mwa wanaume. Namba zilizoandikwa juu ya picha, 1, 2, 3, zikirudiwa katika maandishi ya chini, hueleweka kwa wote na husomeka hata mwongozo ukichapishwa kwa wino mweusi.

Kipimo cha jumla ambacho mwandaaji anaweza kukitumia ni kuziondoa picha zote katika nakala ya mwongozo wake na kuisoma tena. Iwapo hatua bado zinafuatika, picha zinafanya kazi ya kusaidia. Iwapo hazifuatiki, maandishi hayajaandikwa. Zoezi hili humwonesha pia picha ambazo hazikuwa na kazi yoyote, kama ile ya ukurasa wa kuingia yenye visanduku viwili tu ambavyo kila mtu anavitambua. Kila picha inayobaki itahitaji kuchukuliwa upya mfumo ukibadilika, na mwongozo wenye picha za toleo la zamani humpotosha msomaji kuliko usio na picha kabisa. Ndiyo maana ni vyema faili zipewe majina yanayoeleweka, yenye jina la hatua na toleo la mfumo, zikahifadhiwa mahali pamoja na ofisi ikajua ni nani anayezisimamia.

Kwa upande wa Serikali, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za serikali mtandao, pamoja na kuhimiza uzingatiaji wa viwango na miongozo ya TEHAMA katika taasisi za umma. Taasisi inayojenga au kuboresha mfumo inaweza kuyaweka masuala ya picha yaliyoelezwa hapa katika vigezo vya kupokea kazi, ili mwongozo ukaguliwe kwenye simu ya kawaida kabla mfumo haujatangazwa kwa wananchi.

Mwananchi afanye nini

Anayekutana na picha isiyosomeka kwenye simu aanze kwa kuilaza simu upande, kwani kioo kikilala upana huongezeka karibu mara mbili. Isiposaidia, abonyeze picha na kushikilia, kisha achague kuifungua peke yake katika ukurasa mpya. Mara nyingi picha iliyobanwa ndani ya ukurasa ina pikseli za kutosha, na ikifunguliwa peke yake inaweza kukuzwa kwa vidole viwili hadi isomeke. Ikikuzwa na bado ina ukungu, tatizo liko kwenye faili lenyewe na hakuna namna ya kuliondoa kwenye simu. Hapo awasiliane na dawati la huduma kwa wateja la taasisi husika na kueleza ni ukurasa wa ngapi wa mwongozo. Faili kubwa la PDF ni vyema lipakuliwe mara moja na kuhifadhiwe, badala ya kulifungua upya mtandaoni kila mara.

Elimu hii ya vipimo vitatu humfaa pia mwananchi anapotakiwa kupakia picha yake ya pasipoti au nakala ya cheti. Mfumo ukikataa kwa sababu faili limezidi kilobaiti zilizowekwa, tatizo ni uzito, nalo hupunguzwa kwa kupunguza pikseli au kubana faili. Ukikataa kwa sababu ya upana na urefu, kubana hakutasaidia. Picha ikatwe au ipunguzwe vipimo. Asome ujumbe wa kosa kwa makini kabla ya kurudi studio kupiga picha nyingine.

Anapotuma picha ya skrini kuomba msaada, akumbuke kwamba WhatsApp hubana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, na maandishi madogo yanaweza kupotea. Akiituma kama hati, inafika na pikseli zake zote. Akate picha ibakize ujumbe wa kosa na anuani ya ukurasa, na kabla ya kuituma ahakikishe haioneshi nenosiri, namba ya siri ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, wala Namba ya Utambulisho wa Taifa. Iwapo mtoa huduma atahitaji namba hiyo ili kulifuatilia ombi, mwananchi aiwasilishe kupitia namba ya simu au anuani rasmi iliyotangazwa katika tovuti ya taasisi, na siyo katika kundi la mtandao wa kijamii.